Mhariri Aliyekataa Kahawa Yangu

Kwangu mie mgeni hatoki mdomo mkavu. Nikikosa kahawa nitakupa maji ya mtungi, nikikosa maji nitakukatia embe bichi na chumvi, lakini utatia kitu mdomoni kabla hujavaa viatu vyako. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyowalea wanangu. Basi huyu bwana nnayemwandika hapa alikuja kwangu mara nyingi, akakaa juu ya mkeka wangu, akaniuliza maswali mpaka koo likanikauka, na kahawa yangu hakuionja. Hata maji. Alikuwa na chupa yake ya plastiki ndani ya mkoba. Anaifungua, anapiga funda moja, anaifunga, mbele ya macho yangu, kama kwamba kisima chetu kina vyura.

Mara ya kwanza nilimuuliza, "Bwana, mie mchawi?"

"La, Bi Mize."

"Basi kahawa yangu ina nini?"

"Haina kitu. Inanukia mpaka barabarani. Lakini nikiinywa kisha nikakuandika vizuri, jirani yako atasema kalishwa yule. Na nikikuandika vibaya, utasema wewe mwenyewe, kanywa kahawa yangu kisha kanisengenya. Niache na maji yangu."

Nilimwona hana adabu. Mpaka leo nnamwona hana adabu, ila nshajua kukosa adabu kwake kulikuwa kunamlinda nani.

Jina lake silitaji. Watu wote walimwita Mhariri, hata mkewe, hata muuza ndizi wa chini ya ofisi yake. Kazaliwa wapi na ukoo gani, hayo pia siyataji. Unguja hii ukishataja ukoo wa mtu, nusu ya watu wanafunga karatasi na kusema, aa, ndio maana.

Ofisi yake ilikuwa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho ukikutana na mwenye mkokoteni mmoja wenu lazima arudi nyuma. Unapanda ngazi ya mbao iliyolika katikati, orofa ya pili, vyumba viwili. Dari ilikuwa ikivuja, na yeye na vijana wake walikuwa wametega ndoo tatu, na kila ndoo ina mlio wake. Hapo ndipo walipokuwa wakitengeneza habari zao, za kusomwa kwenye simu, na kila Ijumaa karatasi moja iliyopigwa chapa, inabandikwa sokoni na kwenye baraza za watu waliokubali. Ngazi ile alikuwa akiifagia mwenyewe kila asubuhi. Nilimkuta siku moja kanipa mgongo, kainama na ufagio, miwani imefungwa kwa uzi mweusi sikioni, nikadhani ni mtunza nyumba, nikamwambia, "Mwanangu, hebu niitie mkubwa wako." Akasema, "Naam," akapanda juu, akaweka ufagio, akashuka tena, akasema, "Karibu, Bi Mize. Mkubwa ndiye mie." Wala hakucheka.

Nilichelewa sana kufahamu ile ofisi ni kitu gani. Mie ni mtu wa mwani, skuli niliacha darasa la tatu, na kwa akili yangu kila chenye mlango kina mwenyewe.

"Faida anakula nani?" nilimuuliza.

"Hapana faida hapa."

"Basi pesa ya karatasi inatoka wapi?"

"Kwa watu wanaotaka iwepo. Hii ni jumuiya, Bi Mize. Ifanye kama kisima cha mtaa. Kina wasimamizi, hakina mwenyewe. Wapo wasimamizi watano, na mie wameniajiri, na wakitaka kesho watanifukuza."

"Na akija tajiri akakitia kisima saruji mpya?"

"Atashukuriwa. Lakini hatopewa ufunguo."

Na hao wanaotaka iwepo aliwaandika wote mlangoni. Si ndani kabatini, mlangoni, nje, ukipanda ngazi unakutana nao. Lilikuwapo shirika la Ulaya ambalo jina lake likinikaa mdomoni nnapaliwa, kilikuwapo chama cha walimu, alikuwapo muuza mikate wa Darajani, wote kwa herufi sawa. Na chini kabisa kaandika kwa mkono wake: Aliyetajwa hapa hasomewi habari kabla ya watu wengine. Nimewaona wakubwa na makoti yao wakipanda ngazi ile wakisoma mlango, na wengine wakishuka bila kubisha.

Sasa nieleze kosa lake. Wengi waliomsifu wanaliruka, wanasema marehemu hasemwi. Kwanza hajafa. Pili, mie nilikosewa, na aliyekosewa ndiye mwenye haki ya kuhadithia.

Kijiji chetu kipo pwani ya mashariki, jirani na Paje. Sisi wanawake tulikuwa na kipande chetu cha bahari. Maji yakitoka, hasa ya bamvua yanayokwenda mbali kuliko siku zote, unaona vigingi vyetu mpaka macho yanachoka, kamba zimenyooka, mwani umefungwa kipande kimoja kimoja kwa vidole hivi vyangu vilivyopinda. Mwani huo ndio uliowasomesha wanangu. Akaja bwana mmoja akajenga hoteli, tumwite Bwana wa Hoteli, na wageni wake ni wale wanaofungwa matiara makubwa ya kitambaa mgongoni wakapepea juu ya maji. Vigingi vyetu vikawa vinawachoma miguu. Bahari ile nzima, na miguu yao haikuona pa kukanyaga ila palipo na kamba zetu.

Akaitisha mkutano. Viti vya plastiki, soda, na kila mwanamke akapewa doti ya kanga mlangoni. Kanga nilichukua, sitosema uongo. Niliifanya kitambaa cha kufutia sakafu, na ilichuja siku ya kwanza. Waandishi walikuja, na mwishoni wakagaiwa bahasha, ati ya nauli. Mhariri alikuwapo, nshamzoea kwa maswali yake ya mkekani. Ilipomfikia bahasha yake aliinuka, akaenda nayo mpaka mbele, akaiweka mezani, akasema kwa sauti ya kusikika nyuma tulipokaa sisi, "Mwenyewe kaisahau hii." Waandishi wengine wakaangalia viatu vyao. Mie nikamwambia mwenzangu Bi Kazija, huyu ndiye mtu.

Kisha Bwana wa Hoteli akashika kipaza sauti, akauliza, "Kina mama, mnaridhia kupisha?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Mara ya tatu akacheka, akasema, "Basi tushukuru, mambo yamekwisha." Wanaume waliokaa mbele wakapiga makofi.

Siku ya pili mjukuu wangu Zuhura, yule anayesoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti za sabuni, akanisomea simu: Wanawake wa mwani waridhia kupisha matiara. Jina la ofisi ya Mhariri juu yake. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia asome vizuri. Akasema, "Bibi, hivi ndivyo ilivyo."

Na Bwana wa Hoteli hakungoja. Ile habari aliipiga chapa, akaipeleka serikalini kunakohusika, akasema, oneni, si mie nnayesema, wanasema watu wa kuaminika, wale wasiopokea hata bahasha. Fahamuni ubaya wake hapo. Ingekuwa imeandikwa na mmoja wa wale waliotia bahasha mfukoni, wangeichekea. Iliaminiwa kwa sababu ya yule aliyeirudisha bahasha. Bamvua lililofuata tuliteremka tukakuta vigingi vimeng'olewa, vimetupwa ufukweni kama kuni, na mwani wetu umelala mchangani unanuka.

Nilikwenda mjini na nguo za baharini, chumvi imekauka miguuni. Ngazi ile sikuihisi.

"Nani karidhia?" nilimuuliza, kabla ya salamu.

Akasimama. "Bi Mize, nilikuwapo. Aliuliza mara tatu. Hapana aliyekataa."

"Na aliyekubali ni nani? Nitajie jina."

Akafungua daftari lake. Akafunua ukurasa, akafunua mwengine, akarudi nyuma. Nilimwona anatafuta, na mie nikamwacha atafute.

"Mlinyamaza," alisema mwisho.

"Tulinyamaza. Na wewe mtoto wa mjini umekulia harusini, umesikia mwari akiulizwa na akinyamaza wanasema karidhia, ukadhani na sisi ni wari. Mie nna wajukuu tisa. Hata huko kwenye ndoa kimya ni cha mwari tu. Mwanamke aliyekwisha olewa anaulizwa mpaka aseme kwa kinywa chake, na asiposema hapana ndoa. Hukusoma Kurani chuoni wewe? Pale nyuma walikuwapo wajane, walikuwapo walioachwa, walikuwapo wenye waume wao wakali wamekaa mstari wa mbele. Wari hawakuwapo."

Akavua miwani. "Kwa nini hamkusema hapana?"

Swali lile lilinitia moto kuliko habari yenyewe. "Kwa sababu mwanangu anapika kwenye jiko la yule bwana. Kwa sababu maji ya bomba ya kijiji yanafunguliwa uani kwake. Nikisema hapana asubuhi, jioni mwanangu karudi na sufuria zake. Ungenijia pembeni ukaniuliza ningekwambia. Una mtindo wako unaosifiwa kila siku, ati unamrudia mtu na maneno yake unamsomea kabla hujayatoa. Umemsomea nani pale?"

"Waliosema."

"Ndio hivyo. Siye hatukusema, kwa hiyo hatukuwa na maneno ya kurudishiwa. Ukatusemea."

Vijana wake waliokuwa kwenye meza waliacha kuandika. Yeye akainama akaandika nilichokisema, chote, kisha akanisomea, neno kwa neno, pamoja na lile la chuoni. Akasema, "Hili ni kosa langu. Si la kijana wangu, si la kipaza sauti. Langu." Na mie nikamwambia, "Kosa lako wewe, vigingi vyangu mie." Nikateremka.

Nimeona makosa mengi ya watu wakubwa katika umri wangu, na nnajua yanavyosahihishwa: kimyakimya, kwa herufi za mchwa, pahala pasipopita mtu. Huyu alilipandisha lake juu kabisa, pale pale lilipokuwa lile la mwanzo, kwa herufi zile zile: Tulikosea. Tuliandika kwamba wanawake wa mwani waliridhia. Hawakuridhia. Walinyamaza, na sisi tukawasemea. Nilisikia kwamba mmoja wa vijana wake alimwambia tutaonekana hatufai, tuliondoe baada ya siku moja. Akajibu, "Lile la uongo lilikaa siku ngapi? Basi hili litakaa zaidi. Aibu ni yetu, tukae nayo."

Kisha akaja mwenyewe. Maji yalikuwa yametoka, nasi tupo mbali tunaokota kilichobaki. Tukaona mtu wa mjini kakunja suruali magotini, viatu mkononi, mkoba kichwani, anakanyaga kama kuku kwenye matope. Bi Kazija akapaza sauti, "Jamani, anakuja. Leo tunyamaze tena, tuone ataandika nini."

Tulicheka mpaka tukainama. Yeye alisimama kwenye maji, akangoja tumalize, akatoa karatasi akatusomea lile sahihisho. Alipomaliza hakuomba msamaha mrefu. Alisema tu, "Sasa nataka kuuliza, mmoja mmoja, pembeni. Asiyetaka kujibu, sitomjibia." Na ndivyo alivyofanya, siku mbili, na chupa yake ya maji. Aliyetaka jina litoke lilitoka, asiyetaka halikutoka. Mie aliniuliza mara tatu, "Una hakika jina lako litoke, Bi Mize?" Nikamwambia mie sikuzaliwa na jina la kuficha.

Habari ile ya pili ndiyo iliyopiga kelele. Walikuja wa kutoka kunakohusika na kamba zao za kupimia, na tukarejeshewa nusu. Nusu. Ile nyengine mpaka leo wanapepea juu yake. Kosa lake lilikwenda mbio, sahihisho lake lilikuja kwa mguu. Hilo nimemwambia usoni zaidi ya mara kumi, na hakuna hata siku moja aliyonijibu "lakini".

Na mwanangu alirudi na sufuria zake, kama nilivyosema. Aliambiwa jikoni hapana kazi tena. Tulihamia mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa ndugu zetu, yeye akaanza kuuza chapati na supu. Nilikwenda kwa Mhariri, nikitaraji. Nimempa jina langu, limenigharimu, basi nami nitizamwe. Mnajua alichonifanyia? Aliandika kwamba mwanangu kafukuzwa. Nilitaka mkono, kanipa kalamu.

"Nikikupa pesa," alisema, "kila ulichosema baharini kitakuwa kimenunuliwa. Watasema wale walilipwa."

"Maneno mazuri hayajazi sufuria."

"Hayajazi," alisema. "Najua."

Sikumsemesha kwa miezi. Nikimwona sokoni nnageuza uso. Yeye anasimama, anasema, "Shikamoo, Bi Mize," na mie nnazitazama nyanya. Hata harusi ya mwanangu wa mwisho nilimpelekea kadi kwa makusudi, kumpima, na hakuja. Alituma salamu kwamba mwenye kuandikwa haliwi ubwabwa wake. Ubwabwa wangu huo watu wanausimulia mpaka leo.

Lakini nimsemee na haya, kwa kuwa mie si mtu wa kuficha. Ukali wake haukuwa kwa watu wa nje tu. Kaka yake wa tumbo moja alijenga ukuta ukaziba njia ya mtaa, watoto wa chuoni wakawa wanazunguka. Mhariri akauandika. Na mwisho wa habari akaongeza mstari: Aliyejenga ukuta ni kaka wa mhariri. Kaka akakata salamu. Kila Idi Mhariri alikuwa akienda mpaka mlango wa kaka yake, anabisha, anatoa salamu kwa mlango uliofungwa, anarudi. Mwaka baada ya mwaka. Alikuwa mkavu huyo, lakini hakuwa na moyo wa jiwe.

Na mtu huyu asiyevumilia uongo alikuwa akimdanganya mkewe kila siku ya Mungu. Mkewe anapiga simu, umekula? Yeye anasema nshakula, na pale mezani hapana hata ganda la ndizi. Nilimkamata siku moja. Nikamwambia, "Hilo nalo utalisahihisha pale juu kabisa?" Akakohoa. Alikuwa mchoyo wa karatasi, anaandika pande zote mbili mpaka pembeni. Alikuwa mwepesi wa hasira kwa vijana wake. Kijana akija na habari imejaa "inasemekana" anamuuliza, "Nani anasema? Ana jina? Ana miguu? Mfuate." Na akiulizwa yeye kuhusu yeye, alikuwa bubu.

Watu wa chama hiki walisema kawekwa na wale, na wa chama kile walisema kawekwa na hawa. Wote walimtukana, kisha mtu akizibiwa njia yake, akinyimwa haki yake, akiuziwa dawa mbovu, anapanda ngazi ile ile. Nimewaona. Waliomlaani Ijumaa wanakaa kwenye benchi lake Jumatatu, na karatasi zao mkononi.

Mwisho nami nikapanda. Nikamwambia, nataka kuchangia kisima chenu. Akasema, "Ukichangia jina lako litakaa mlangoni, na siku tukikuandika tena tutasema kwamba unachangia."

"Semeni."

Basi jina langu lipo. Bi Mize wa mwani, chini ya lile shirika la Ulaya linalonipalia, na herufi zetu sawa. Wajukuu wangu wote tisa nimewapandisha ngazi ile kuliona, na wa mwisho nilimbeba. Mwenye kuona ni majivuno na aone.

Mwaka huu maradhi yalimshika. Upande mmoja umelala na sauti imeondoka. Yupo Mbweni, kwa binti yake, ambaye ni mwalimu na anafanana naye mpaka kwa kuuliza. Nilikwenda kumzuru baada ya Alasiri, na chupa yangu ya kahawa kwa ajili ya binti, maana anayeuguza ndiye husahauliwa. Akanipokea mlangoni, akaniambia, "Anasikia kila kitu, Bi Mize. Lakini kujibu kunamchukua muda. Ukimuuliza, ngoja. Akiinua kidole ni ndio. Akigeuza kiganja ni hapana."

Nikakaa chini pembeni ya kitanda. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa uzi ule ule. Nilimpa habari za mtaa, na za bei ya mwani, ambayo ni matusi matupu. Hapo ndipo lilipoingia gari uani, na baada ya gari akaingia Bwana wa Hoteli.

Kazeeka na yeye. Kaja na kijana mwenye simu ya kupigia picha, na kikapu cha matunda kilichofungwa karatasi ya kung'aa. Hakunitazama. Akavuta kiti, akainama karibu na mgonjwa, sauti ya asali.

"Mhariri, ndugu yangu, tuyasahau ya zamani. Ofisi yako inavuja. Mie nna wakfu sasa, natoa sadaka. Nawapa jengo zima, na kila kitu ndani. Jina la wakfu wangu tu litakaa juu ya mlango, na ile orodha ya zamani tutaipumzisha. Wasimamizi wako nimewaona. Wamesema wewe ukiridhia, wao hawana neno. Unaridhia?"

Mhariri alikuwa anatazama dari.

"Unaridhia, mzee wangu?"

Binti yake akafungua mdomo aseme kitu, na yule bwana akanyanyua mkono, kwa upole, kama unavyomnyamazisha mtoto.

"Unaridhia?" Akangoja kidogo tu, kiasi cha kumeza mate. Kisha akamgeukia kijana wake. "Kanyamaza. Karidhia. Piga picha, nikiwa nimemshika mkono."

Nilikuwa nimekaa na goti baya, lakini niliinuka kama msichana.

"Nani karidhia?" nikasema.

Akanitazama sasa. "Wewe nani, mama?"

"Mie ni mmoja wa wale wanawake wa mwani, uliowaridhisha bila wao kufungua mdomo. Ulipata bahari kwa kimya changu. Ofisi yetu huipati kwa kimya chake."

"Yetu?"

"Jina langu lipo mlangoni. Lako ndilo halipo. Muulize tena, halafu ungoje."

"Bibi, huyu mgonjwa. Haya mambo ni..."

"Muulize, bwana," alisema binti, na sauti yake ilikuwa ya darasani. "Muulize, na ngoja."

Akauliza. Tukangoja. Feni ilikuwa inazunguka na kugonga kila ikifika pahala pake. Uani mtu alikuwa anateka maji, na ndoo ikajaa, na ikachukuliwa. Bwana wa Hoteli akatazama saa yake. Mie nilitazama mkono ule uliolala juu ya shuka. Kwanza kilitikisika kidole kidogo. Kisha kiganja kikageuka, polepole, kama mtu anayefungua ukurasa, mpaka kikatazama juu.

"Kasema hapana," alisema binti.

"Huko ni kutetemeka tu."

"Basi muulize mara ya tatu," nikasema. "Si unapenda tatu?"

Hakuuliza. Akainuka akatengeneza kanzu yake, akasema atarudi afya ikiwa nzuri, akatoka. Nikakichukua kile kikapu chake cha kung'aa, nikamfuata mpaka mlangoni, nikamtia mikononi yule kijana wa picha.

"Mwenyewe kakisahau hiki," nikamwambia.

Niliporudi ndani, macho ya Mhariri yalikuwa mlangoni, na sitosema kama alicheka, maana hakuniambia. Binti yake alikuwa analia kwa uchovu, nikammiminia kahawa, akanywa. Nikamimina kikombe cha pili. Nikakaa pale pale chini.

"Mhariri," nikasema, "huandiki tena, na mie sina habari ya kukupa. Utakunywa?"

Alinyamaza. Kikombe kilikuwa kinaniunguza vidole. Siku zote nnajua mgonjwa haulizwi, ananyweshwa, unamtilia mdomoni kwa kijiko na mambo yamekwisha. Nimewanywesha hivyo mama yangu na mume wangu. Nikakiweka kikombe juu ya sakafu, nikakunja miguu yangu, nikangoja.

Kahawa ilikuwa ishaanza kupoa pale kidole kilipoinuka.